Cheti cha Mke wa Bwana Thibitisha

Baba yangu hakuwa mtu wa kuamini mvua kwa kusikia ngurumo. Ukimwambia nje kunanyesha, atakuuliza umelowa wapi, nawe utageuka umwonyeshe mgongo. Mtaani walimwita Bwana Thibitisha, na vijana wengi waliokulia pale hawakujua kama alikuwa na jina lingine. Hakuudhika hata kidogo. Alipoitwa hivyo alikohoa kidogo, akanyoosha kola ya shati, kisha ndipo akaitika.

Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Mahakama yenyewe ilikuwa ndogo: chumba kimoja cha kusikilizia kesi, kingine cha majalada, na ukumbi wenye mabenchi ambapo watu walikaa tangu asubuhi wakisubiri kuitwa. Baba ndiye aliyewaita majina mlangoni. Ndiye aliyepokea vielelezo, panga, baiskeli, hata sufuria, na kuvifunga vikaratasi vya namba. Ndiye aliyeshona majalada kwa uzi mweupe na sindano kubwa, ile iliyomwachia alama nyeusi kwenye kidole gumba. Na alipokuwa anaandika maneno ya shahidi hakuongeza hata kitone cha kwake. Hilo alijivunia mpaka ikawa kero.

Kuna kisa kimoja alichotusimulia mara zisizo na idadi. Mwaka wake wa kwanza kazini, mchukuzi wa sokoni aliletwa akidaiwa kuiba cherehani. Soko zima lilijua ni yeye. Mwenye cherehani alilia, mashahidi wakaapa kwamba wamesikia kwa watu, na hata Baba, akiwa ameshika kalamu, moyoni alikuwa ameshamfunga yule mtu. Hakimu akauliza ni nani aliyemwona kwa macho yake. Hakuna aliyesimama. Hakimu akasema mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, si wa anayedaiwa, akamwachia. Watu wakazomea. Baada ya mwezi mmoja cherehani ikapatikana kwa shemeji wa yule yule aliyelia. Baba alikuwa akifika hapo kwenye kisa chake macho yanamjaa maji. Alikuwa karibu kumwonea mtu, na kilichomzuia ni sentensi moja tu. Tangu siku ile sentensi hiyo ikawa dini yake ya pili.

Nyumbani tulikula nayo na kulala nayo. Mama akisema maziwa yamechacha, Baba anauliza nani ameonja. Mama, mwanamke mfupi, mcheshi, aliyekuwa na mashine ya kufuma masweta pale sebuleni na wateja wake wa sare za shule, alimzoea kabisa. Alikuwa akimjibu, "Mheshimiwa, mahakama inywe yenyewe." Baba anakunywa, anakunja uso, anakiri. Tulikuwa tukicheka. Mimi ndiye mtoto wao wa pekee, nikajifunza mchezo huo mapema, nikaupenda kupita kiasi. Kumshinda Baba kwa hoja kulikuwa kutamu kuliko zawadi yoyote, kwa sababu akishindwa alisema wazi, "Umethibitisha," na neno hilo hakulitoa ovyo.

Mimi nikawa muuguzi, kliniki ya macho, hospitali kubwa ya mjini. Baba akastaafu. Na mtu aliyezoea kesi tano kwa siku, ukimpa kiti barazani na simu mkononi, unamtafutia balaa. Akaingia kwenye makundi ya simu. Huko akakutana na watu wanaosema kwamba virusi havisababishi ugonjwa wowote, kwamba hata havijawahi kuonekana, kwamba ni stori ya wauza dawa. Baba hakuwa mjinga, naomba hilo lieleweke. Hakumeza walichosema. Alichopenda ni namna walivyouliza. "Wao hawadai kitu," aliniambia. "Wanaodai ni ninyi wa hospitali. Mnasema kuna kidudu hakionekani, kinaua watu. Sawa. Kileteni mbele ya mahakama."

Miaka miwili ilikuwa burudani. Nikija Jumamosi tunabishana kuhusu mafua, chai inapoa, Mama anafuma na kutuambia tupunguze sauti asikosee hesabu ya mishono. Nilimletea picha iliyopigwa kwa darubini kubwa, kirusi kikionekana wazi kabisa. Akaitazama kwa heshima. "Nani alipiga?" Nikasema mtaalamu fulani, ng'ambo. "Atakuja kutoa ushahidi?" Nikasema hapana. "Basi picha haina mwenyewe. Weka pembeni." Nilikasirika mpaka nikasahau kibeti changu kwenye kiti.

Kisha ukaja ule mwezi wa mbwa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mama alikuwa ananika nguo nyuma ya nyumba. Mbwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, ambaye hakuna aliyewahi kumwona mtaani kwetu, akapita kwenye pengo la ua, akamng'ata mkononi chini ya kidole gumba, akaondoka bila hata kubweka. Mama alisuuza mkono kwenye lile lile beseni la kufulia, akaufunga kwa kitambaa cha jikoni, akamaliza kunika. Jioni akanipigia simu kuniuliza habari za viatu vyangu vilivyokuwa kwa fundi, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka, akasema, "Halafu leo nimeng'atwa na mbwa. Kidogo tu."

Nikamwambia aje hospitali kesho yake. Akasema, "Mwulize baba yako." Baba akachukua simu.

"Huyo mbwa alikuwa na kichaa?" akaniuliza.

"Baba, hatujui. Ndiyo maana tunachanja."

"Hamjui, lakini mnachanja."

"Ndiyo."

"Anayedai mbwa ni mgonjwa ni nani?"

Hapo ndipo ningepaswa kukata simu na kupanda basi. Badala yake nikajibu. Nikasema, ninayedai ni mimi. Nikaupokea mzigo kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa jina lake mlangoni, na Baba akafungua kesi.

Kesho yake nilimweleza mwenzangu wa chumba cha sindano. Alikuwa anapanga vichupa kwenye friji. Hakuinua hata uso. "Mlete mama leo," alisema. "Ameng'atwa mkononi, usisubiri. Dawa ipo, hii hapa." Friji lile lilikuwa upande wa pili wa korido kutoka kwenye meza yangu. Nililipita mara sita kwa siku. Na Jumamosi ilipofika nilirudi nyumbani na kitabu.

Ndiyo, kitabu. Kinene, cha magonjwa ya kuambukiza, nimekiazima kwa daktari na kuweka alama za karatasi kwenye kurasa. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilimsomea Baba jinsi watu wa zamani walivyochukua ubongo wa mbwa aliyekufa kwa kichaa, wakauchuja kwa vichujio visivyopitisha bakteria, wakamdunga mnyama mzima kile kilichopita, naye akaugua vile vile. Baba alisikiliza, kalamu mkononi. Akauliza kama kuna mnyama mwingine aliyechomwa ubongo wa mbwa mzima, ili walinganishe. Swali zuri! Nilijua ni zuri, na sikuwa na jibu kwenye kurasa nilizoweka alama. "Basi tunaahirisha," akasema. "Lete hilo Jumamosi ijayo."

Mama alikuwa kwenye mashine yake, mkono umefungwa kitambaa safi. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka. "Na mimi ni nani kwenye kesi hii?" aliuliza. "Maana naona mlalamikaji yupo, hakimu yupo. Nafikiri mimi ni kielelezo."

Tulicheka. Wote watatu tulicheka kwa nguvu, Baba mpaka akavua miwani. Sipendi kukumbuka kicheko kile, na sipitishi siku bila kukikumbuka.

Nilipokuwa naondoka nilimnong'oneza mlangoni, "Mama, twende tu, tusimwambie." Akanigusa shavu. "Akikubali nitakuja. Sitaki kumdanganya baba yako uzeeni. Wewe msomee vizuri, atakubali, nakuaminia." Aliniaminia. Nami nikaona hilo ni sababu ya kusoma zaidi, sikuona kwamba ni sababu ya kumshika mkono na kumburuta.

Jumamosi ya pili nilileta jibu. Wapo wanyama waliochomwa ubongo wa mbwa mzima, na hawakuugua. Baba akaandika. Akauliza nani alihesabu. Jumamosi ya tatu nilikuja na mtu. Alikuwa bwana mifugo wa manispaa, mtu mnene, mpole, aliyekuwa akizunguka mitaa akiuliza habari za yule mbwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini.

"Mzee, sisi mbwa aliyeng'ata tunamfunga siku kumi," alisema. "Akiishi siku kumi, basi alipomng'ata mtu hakuwa na kichaa, ameshinda. Akifa, tunapima ubongo. Na asipopatikana kabisa, kama huyu wa kwenu, tunamhesabu mgonjwa."

Baba alisimama. "Mnamhukumu mshtakiwa asiyekuwepo? Bila shahidi?"

"Hatumhukumu, mzee wangu. Mbwa hafungwi jela kwa sindano ya mama. Tukikosea, mama ameumia bega siku mbili. Ninyi mkikosea..." Akamtazama Mama, akageuza kofia yake. "Huku kwetu anayesema kuko salama ndiye anayetakiwa kuthibitisha."

Baba aliishusha kalamu. Alikaa. Alitazama karatasi zake. Nilijua, namjua baba yangu, kwamba hoja ile ilikuwa imemwingia, na kwamba alihitaji siku mbili tatu za kutembea nayo kabla ya kuikiri. Akasema, "Hoja ni nzito. Nitatoa uamuzi Jumamosi." Nami, Mungu anisamehe, nilitoka pale nimevimba kichwa. Nilimshukuru bwana mifugo njia nzima. Nilikuwa nimeshinda, imebaki siku saba tu nisikie lile neno.

Alhamisi Mama alinipigia simu. Alisema mkono unamtembea, kama sisimizi wameingia ndani ya ngozi, mpaka kwenye kiwiko. Kidonda chenyewe kilikuwa kimeshapona.

Nilikaa kwenye sakafu ya kliniki ya macho. Mimi ni muuguzi. Nilijua kwamba dalili zikishaanza hakuna sindano, hakuna kitabu, hakuna rufaa.

Baba mwenyewe ndiye aliyemleta hospitali siku iliyofuata, kwa teksi, amemfunika shali. Alipofika tu aliniambia, "Umethibitisha. Mchomeni." Alilisema kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli huku gari linaondoka. Ilibidi nimweleze. Alinielewa mara ya kwanza, lakini aliniomba nirudie.

Sitasimulia yote. Siku ya pili Mama alikuwa na kiu na hakuweza kunywa. Baba alimletea kikombe cha maji, na kilipofika karibu na mdomo, koo lilimkaza, akarusha mikono, uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua. Kisha akatulia, akaona aibu, akamwambia Baba, "Nisamehe, nimekumwagia." Baba akakichukua kikombe, akakileta tena, polepole zaidi, kama kwamba kosa lilikuwa la mwendo wa mkono wake. Ikawa vile vile. Alijaribu mara tatu. Hata feni ilibidi tuizime, kwa sababu upepo wake nao ulimkaba. Siku ya nne, mchana, watu wakila chakula nje kwenye mabenchi, Mama akafa.

Daktari alitukuta kwenye korido. Alikuwa kijana, alizungumza kwa adabu. Aliomba ruhusa ya kuchukua sampuli ndogo ya ubongo ipelekwe maabara kuu. "Dalili tumeziona, lakini kwa hakika kamili ni maabara tu," alisema. "Bila hivyo cheti kitaandikwa kwamba inashukiwa tu."

"Hamtamgusa," Baba akasema.

"Mzee, ni kidogo tu..."

"Nimesema hamtamgusa mke wangu."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia Baba, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wagonjwa wote, kwamba alitaka uthibitisho mwezi mzima, sasa ndio huu, mbona anaukimbia? Alikuwa ameshika shali la Mama, analikunja na kulikunjua. Nilidhani ni woga. Leo nadhani ni mapenzi tu, na mapenzi yale yalikuja yamechelewa siku chache. Cheti kilitoka kimeandikwa: Sababu ya kifo, inashukiwa kuwa kichaa cha mbwa.

Miezi ya mwanzo Baba alilishikilia lile neno. Watu wakija kutoa pole na kuuliza, alisema, "Inashukiwa," kisha anatazama sakafu. Sikumbishia. Kuna wakati mtu anahitaji kijiti cha kushika, hata kama kijiti chenyewe kimeoza. Sikuwa na hamu ya kubishana na mtu yeyote tena maishani. Mashine ya Mama tuliifunika shuka, sweta la kijani likiwa bado limening'inia, mkono mmoja haujaanzwa.

Halafu akaja fundi viatu wa pale kona. Ilikuwa Jumapili, nami nilikuwapo. Alikuja kumwomba Baba ushauri, kama watu wengi wa mtaa walivyozoea kumjia na barua zao na mikataba yao. Akapandisha suruali. Kwenye mguu, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na alama nne za meno, mbichi.

"Mke wangu ananisumbua niende hospitali," alisema akicheka. "Nikamwambia ngoja nimwone Bwana Thibitisha. Maana hata mama hapa, tuliambiwa ni mbwa, kumbe cheti kinasema inashukiwa tu. Haijathibitishwa, au vipi, mzee?"

Baba alimtazama yule mtu. Kisha akautazama mguu. Akasimama, na vile vile alivyokuwa, na kandambili, shati halijafungwa vifungo, akamshika fundi viatu mkono juu ya kiwiko na kumtoa nje. Fundi alikuwa anauliza kuna nini. Baba alimshika hivyo hivyo mpaka kituoni, akamshika kwenye basi, akamshika kwenye korido ya hospitali, na hakumwachia mpaka sindano ilipotoka begani. Mwenzangu wa chumba cha sindano aliniambia baadaye kwamba fundi alikuwa na alama nyingi za vidole mkononi kuliko alama za meno mguuni. Alirudi kuchomwa siku zote alizopangiwa, Baba akiwa naye kila mara. Mbwa aliyemng'ata fundi naye hakuonekana. Fundi yuko mzima, na hakuna ajuaye kama alikuwa anahitaji sindano zile. Hatutajua kamwe.

Asubuhi iliyofuata ile Jumapili Baba alivaa suti yake ya mahakamani akaenda ofisi ya vizazi na vifo. Alitaka lile neno, inashukiwa, lifutwe. Wakampa fomu. Kwenye nafasi iliyoandikwa "Uthibitisho" hapakutosha, akaomba karatasi za ziada. Aliandika kurasa tatu kwa ule mwandiko wake wa mwenendo wa kesi, neno kwa neno, bila kuongeza kitone: pengo la ua, mbwa, kitambaa cha jikoni, Jumamosi tatu na nani alisema nini, sisimizi kwenye mkono, kikombe cha maji mara tatu. Aliyemzuia marehemu kutibiwa aliandikwa kwa jina lake kamili. Nililisoma jina lile la Baba nikakumbuka kwamba lipo.

Jibu lilichukua wiki tano. Tulikwenda kulichukua pamoja. Karani wa dirishani alikuwa msichana mwenye sauti nzuri, na alijitahidi. "Baba yangu, pole sana," alisema. "Tumeisoma yote. Lakini wewe ndiye unayedai kwamba ilikuwa kichaa cha mbwa, kwa hiyo wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha. Majibu ya maabara hamna?"

"Hamna," Baba akasema.

"Sampuli haikuchukuliwa?"

"Nilikataa."

Msichana akaitelezesha barua chini ya kioo. Ilikuwa na mistari miwili na muhuri. Ombi limekataliwa kwa kukosa uthibitisho. Baba alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akakagua muhuri kama umekaa sawa. Nilitaka kumgombeza yule msichana, nilitaka kuvunja kioo kile. Baba akaniwekea mkono begani.

"Usimlaumu," aliniambia. "Ameamua vizuri. Hata mimi ningelikataa."

Kisha akaikunja barua mara nne, akaketi kwenye benchi katikati ya watu waliokuwa wanasubiri kuitwa majina, na akalia mpaka ofisi ikafungwa.